Kilpeck, Kanisa Dogo Lenye Makeke

Jamani, Kilpeck! Picha zake nilishaziona, nikajidanganya kwamba sitashtuka. Wapi! Unatoka mji wa Hereford kuelekea kusini-magharibi, upande wa mpaka wa Wales, mashamba kushoto, mashamba kulia, mara kanisa dogo la mawe mekundu hilo hapo. Mlango wake wa kusini ukikutazama tu, miguu inagoma kwenda kwingine.

Pembeni mwa mlango nyoka wanamezana mikia. Askari wembamba, wamevaa suruali, wamenaswa katikati ya majani. Juu umechongwa mti wa uzima, na tao lote limejaa ndege na mazimwi. Kazi ya mwaka 1140 hivi! Mvua ya Uingereza imelichapa jiwe hilo la mchanga kwa karibu miaka 900, na bado unaweza kufuata kila mkunjo wa jani kwa kidole (kwa macho tu, tafadhali).

Halafu inua kichwa. Chini ya paa, kuzunguka kanisa zima, vimepangwa vinyago vya mawe, 85 vimesalia. Mbwa na sungura wamekaa bega kwa bega wamekodoa macho kama katuni za leo. Kinyago kingine kinapiga zeze. Na yule mwanamke maarufu, Sheela na gig, amejipanua utupu wake kwa mikono miwili, bila haya, ukutani mwa nyumba ya Mungu! Wataalamu wanabishana: ni onyo dhidi ya uzinzi, ni kinga ya shari, ni ishara ya uzazi? Mimi nasema fundi alikuwa mcheshi, na bwana wake alimwachia.

Bwana mwenyewe alikuwa Hugh, mwana wa William fitz Norman, Mnormani aliyepewa ardhi hii baada ya Uingereza kutekwa mwaka 1066. Mwaka 1134 Hugh alilikabidhi kanisa la Kilpeck kwa watawa wa Gloucester. Ngome ya ukoo huo imebaki kilima na vipande vya ukuta, nyuma tu ya kanisa.

Bahati iliyoje kwamba kazi hii ya Kilpeck imesalimika! Huko Shobdon, mkoa huohuo, kulikuwa na kanisa la mafundi wa mkondo huu huu. Katika karne ya 18 lilibomolewa, matao yake yakasimamishwa mlimani yawe pambo, na hali ya hewa ikayalamba mpaka sura zikapotea. Inauma.

Ndani ni padogo, na watakatifu wa mawe wamesimama mmoja juu ya mwenzake kwenye tao la kuelekea altareni. Pazuri, ila usianzie huko. Zunguka nje kwanza, na darubini mkononi. Kanisa kuu la Hereford ni zuri pia, sikatai. Lakini ukiwa na nusu siku tu, nenda Kilpeck.