Kusaga majani badala ya kuyazoa

Ifikapo Oktoba katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wenye nyumba hushinda wikiendi nzima na reki mkononi, wakishindilia majani ya miti ya mepo na mialoni kwenye mifuko ya karatasi. Takataka za bustani nchini humo zilifika tani milioni 35 mwaka 2018, kama asilimia 12 ya taka zote za mijini. Watafiti wa nyasi wa Michigan State University walikwenda kinyume: waliyaacha majani palepale yalipoangukia, wakapitisha juu yake mashine ya kukatia nyasi.

Utadhani ni uvivu uliovishwa joho. Kumbe siri yote iko kwenye vipimo. Jani la mepo ni pana na bapa. Likinyeshewa hunatana na mengine kama kurasa za kitabu kilicholowa, na nyasi zilizo chini hukosa mwanga na hewa, kisha zikaingia ukungu theluji ikianguka. Jani hilohilo likikatwa vipande vya ukubwa wa sarafu ndogo, hupenya katikati ya nyasi hadi udongoni, kwenye minyoo na vijidudu. Ndiyo maana kisu cha mashine hupandishwa hadi kama sentimita 8 kutoka ardhini, mfuko wa kukusanyia ukavuliwa, na majani yakasubiriwa yakauke. Ukimaliza, ncha za nyasi lazima zionekane. Zisipoonekana, pita tena.

Pagumu ni kwenye naitrojeni. Kabla ya kuangusha jani, mti huifyonza sehemu kubwa ya naitrojeni na kuihifadhi matawini na kwenye shina. Kinachodondoka ni kaboni kwa wingi. Vijidudu vikiila kaboni hiyo huhitaji naitrojeni, na huitafuta udongoni. Kwa hesabu hiyo nyasi zingepauka. Hazikupauka: nyasi za nchi za baridi hukuza mizizi majira hayohayo, na mbolea inayowekwa wakati huo huziba pengo. Zaidi ya hapo, matandazo ya mepo yalipunguza dandelioni, gugu la maua ya njano linalowakera wenye bustani, pengine kwa kuziba nafasi tupu ambamo mbegu zake huotea.

Kwa maoni yangu, njia hii isitumike uwanja mzima. Kisu hakichagui: husaga pia viwavi na vifukofuko vya nondo waliojificha majanini kusubiri baridi ipite. Penye nyasi, saga. Chini ya miti na vichaka, yaache majani mazima, na hapo reki yatosha kuyasogeza. Vipulizio vya majani vinavyotumia petroli ni kelele tupu kwa kazi hiyo. Jiji la Washington limevipiga marufuku tangu Januari 2022.