Gitaa, Kuiga na Kuumba

Wapo ndugu wanaodai kwamba muziki wa dansi hauwezi kuhesabiwa katika utamaduni wa Taifa kwa sababu gitaa ni chombo cha kigeni. Hoja hii ni finyu. La kupima ni kazi inayofanywa na chombo hicho.

Ni kweli kwamba tulianza kwa kuiga. Tangu miaka ya 1930 santuri za G.V. zilileta rumba ya Kuba katika miji yetu, na vijana wakajifunza kwa sikio. Salum Abdullah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Lakini muziki huo wa Kuba nao ulibeba midundo ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kuiga kulikuwa shule. Kosa lingekuwa kubaki darasani.

Tazama Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mtindo wake, Sikinde, ulichota kutoka ngoma ya Wazaramo. Wimbo huanza taratibu kwa kisa na mawaidha katika Kiswahili fasaha; kisha huja chemko, ambapo gitaa la solo, la rithimu na la besi hupokezana kama wapiga ngoma. Hapo mwigaji amekuwa mwumbaji.

Hata hivyo, lazima tujikosoe. Tuliwahimiza wasanii waache kuiga, lakini hatukuwapa nyenzo za kumiliki walichoumba. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwa ajili ya matangazo, si kwa biashara ya santuri. Kwa hiyo hata Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo mashuhuri aliyefariki mwaka 1979, santuri zake zilitolewa Nairobi. Jasho lilikuwa la Morogoro; mtambo na soko vilikuwa vya wengine. Huwezi kusifu uasilia wa mkulima huku ghala lake limeshikwa na mlanguzi.

Leo vijana wetu wanafuata amapiano ya Afrika Kusini, na lawama za zamani zimerudi. Tusianze kwa kuwalaani. Tuwaulize maswali mawili: umeongeza nini cha kwako katika ulichojifunza? Na nani anamiliki rekodi ya jasho lako? Swali la kwanza ni la msanii. La pili ni letu sote, nalo hatujalijibu.