Uhakiki wa Kigezo cha Usahihi katika Uainishaji Otomatiki wa Seli za Damu: Mfano wa Kipimo cha CD4 Mkoani Kigoma

Tafiti nyingi kuhusu uainishaji otomatiki wa seli huanza na swali moja: ni programu ipi iliyokaribia zaidi jibu la mtaalamu? Uhakiki huu unadai kwamba swali hilo halitoshi pale ambapo zao la uainishaji ni uamuzi wa tiba. Kipimo cha CD4 kwa watu wanaoishi na VVU kinaudhihirisha upungufu huo waziwazi kuliko mifano inayotumiwa mara kwa mara.

Katika saitometria ya mtiririko, seli hupita moja moja mbele ya leza. Mashine hurekodi mwanga unaotawanyika pamoja na mng'ao wa rangi zilizobebwa na kingamwili, na kila seli huwa nukta kwenye mchoro. Kwa miaka mingi mchunguzi alichora kwa mkono mipaka ya makundi ya nukta hizo. Ulinganisho wa maabara kadhaa uliochapishwa na Maecker na wenzake mwaka 2005 ulionesha kwamba uchoraji huo wenyewe ni chanzo cha tofauti za matokeo. Hoja ya kuitaka kompyuta ifanye kazi hiyo, basi, ilikuwa na msingi. Shindano la FlowCAP, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, lilipambanisha programu nyingi kwa data za magonjwa kama limfoma na virusi vya West Nile. Likabaini kwamba majibu ya programu kadhaa yakiunganishwa huwa bora kuliko ya programu moja moja. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, na sehemu yake ya pili, iliyopima programu kwa uwezo wa kutambua wagonjwa, inastahili kusomwa kuliko inavyosomwa.

Tatizo limo katika sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo iliyoigwa zaidi. Humo jibu sahihi ni mipaka iliyochorwa na binadamu, yaani kitu kile kile kilichotuhumiwa kuyumba. Aidha, kipimo cha F kinachotumika hulipa kila kundi uzito kwa kadiri ya ukubwa wake. Tuchukue mfano wa kubuni wa mkazi wa Gungu, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, mwenye seli nyeupe 5,000 kwa kila mikrolita ya damu. Miongoni mwazo, limfositi za CD4 ni 100 na monositi ni 400. Monositi nazo hubeba CD4, ingawa kwa mng'ao hafifu. Programu ikiingiza monositi 110 katika kundi la CD4, itakuwa imekosea asilimia 2.2 tu ya seli zote, na alama yake itabaki ya kujivunia. Hesabu ya mgonjwa, hata hivyo, itasomeka 210. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017, mtu mzima mwenye chini ya 200 huhesabiwa kuwa na VVU vya hatua ya juu, na hustahili kuchunguzwa magonjwa nyemelezi. Huyu hatahesabiwa hivyo. Kosa hilo hilo kwa mtu mwenye CD4 800 lisingebadili chochote. Wastani hauwezi kuyatofautisha makosa haya mawili.

Mwambao wa Tanganyika unaongeza ugumu ambao data za mashindano hazikuubeba. Sampuli ya Gungu iko karibu na mji; ya Kalya, wilayani Uvinza, ina safari ndefu ya majini au barabarani. Seli zinapozeeka ndani ya bomba, mtawanyiko wa mwanga wake hubadilika na makundi husogeleana. Hatari hiyo inafaa kupimwa pia kwa mbinu zinazotegemea CD45 na CD4 pekee, kama ile iliyobuniwa Afrika Kusini ili kupunguza gharama. Kisha kuna kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwenye mwambao huo. Minyoo huongeza eosinofili, seli zinazotawanya mwanga mwingi na kung'aa zenyewe bila kupakwa rangi. Programu iliyoagizwa kutafuta idadi maalumu ya makundi inaweza kuzitengea kundi lao, kisha ikalazimika kuunganisha mengine mawili, pengine monositi na limfositi.

Simaanishi kwamba mkono wa mchunguzi urudishwe. Nao huchoka, na hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Kinachodaiwa ni kwamba tasnifu inayopendekeza programu kwa maabara zetu ioneshe, pamoja na alama ya F, ni wagonjwa wangapi waliovuka mstari wa 200 kwa kosa, na kwa upande upi. Majaribio yatenganishe damu iliyopimwa siku ile ile na iliyokaa, na pia damu yenye eosinofili nyingi. Damu iliyo karibu na mstari ipimwe upya kwa kingamwili ya CD3, ambayo monositi hazina, ili jibu la kulinganishia litoke nje ya mchoro uleule unaobishaniwa.