Wino Unaopima Sukari

Anayechapa fulana za kampeni anaijua kazi hii: wavu laini uliokazwa kwenye fremu, wino mzito juu yake, kipande cha mpira kinaburuzwa, mchoro unabaki chini. Vijiti vingi vya kupimia sukari ya damu huchapwa hivyo hivyo, ila wino ni unga wa grafiti, yaani kaboni, uliokorogwa na gundi, na mahali pa fulana pana plastiki nyembamba.

Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza jinsi ya kuunganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima sukari. Kimeng'enya hicho kilihitaji oksijeni, nayo kwenye tone la damu haitabiriki. Mwaka 1984 watafiti wa vyuo vya Cranfield na Oxford wakaikwepa kwa ferosini, kiwanja chenye chuma kinachopokea elektroni kutoka kwa kimeng'enya na kuzikabidhi kwa kaboni. Kila molekuli ya glukosi hutoa elektroni mbili. Umeme ukiongezeka, sukari iko juu. Mita ya ExacTech, yenye umbo la kalamu, ikaingia sokoni mwaka 1987.

Sifa zote huenda kwa ferosini. Mimi naona ugumu uko kwa mchapaji. Kijiti hutumika mara moja kikatupwa, kwa hiyo hakuna wa kukijaribu kwanza; hupimwa wenzake wachache wa toleo lile, wengine wanaaminiwa. Sasa chukua mstari wa kaboni wenye upana wa milimita 1. Wino ukitambaa milimita 0.05 kila upande, eneo limeongezeka kwa asilimia 10, na sukari ya 7.0 inaweza kusomeka 7.7 bila mtu kunywa hata chai. Ndiyo maana wino lazima ulainike unapoburuzwa, kisha ushikane papo hapo ukitua.

Waliotumia mita za zamani wanakumbuka kulinganisha namba ya kopo na iliyoko kwenye kioo. Namba ile ilikuwa kiwanda kikikiri kwamba toleo hili si sawa na lililopita.

Leo mita nyingi hazidai namba hiyo. Lakini mwenye upungufu wa damu bado anaweza kusomewa sukari ya juu kuliko aliyonayo, kwa sababu chembe nyekundu zikiwa chache glukosi huifikia kaboni kwa urahisi zaidi. Baadhi ya vijiti vimeongezewa elektrodi za kupima wingi wa chembe nyekundu katika damu yenyewe, mita ikasahihisha jibu kabla ya kulionyesha.