Mtetemo Si Mtikisiko: Istilahi za Breki katika Mwongozo wa Baiskeli ya Umeme

Baiskeli zenye mota ya umeme huja na vijitabu vya maelekezo. Kimojawapo, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kimetufikia. Hatumtaji mtengenezaji wala mfasiri, kwani kusudi letu si kumwaibisha mtu, bali kupima istilahi. Tumechagua sura moja tu, ile ihusuyo kasoro za breki ya mbele, kwa sababu hapo kosa la neno laweza kumwangusha mtu barabarani.

Tukiri kwanza mazuri yake. Sentensi ni fupi, na mfasiri hakuona haya kutumia maneno ambayo mafundi wameyazoea, kama vile breki, betri, mota na beringi. Hakubuni maneno mapya pale ambapo yaliyopo yanatosha.

Kasoro kubwa imo katika neno “mtetemo”. Kijitabu kinalitumia kwa mambo matatu: mvumo wa mota, mlio mkali wa diski, na kule kushtuka kwa foki na usukani breki inapokamatwa. Ukurasa mmoja wasema mtetemo mdogo ni jambo la kawaida. Ukurasa mwingine wamwamuru mwendeshaji asiendelee na safari akiuona mtetemo. Msomaji aamini upi? Ieleweke kwamba baiskeli ya namna hii aghalabu ina kilo 20 au zaidi, na breki inapofungwa uzito huelemea gurudumu la mbele. Anayeidhania hatari kuwa ni kawaida amedanganywa na neno. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha: kitu hutetema kwa wepesi, bali hutikisika kwa nguvu.

Kosa la pili lachekesha, lakini lina madhara. Msomaji anaagizwa atazame “mchezo wa vifaa vya kichwa”. Kinachokusudiwa ni ulegevu wa beringi za shingo ya usukani, ambao ni chanzo kimoja kikuu cha mtikisiko. Kipimo chenyewe ni rahisi: shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vya mkono wa pili vikigusa shingo hiyo. Vidole vikihisi mgongano, beringi zimelegea. Fundi aliyesoma “mchezo” hatakifanya kipimo hiki. Atabadilisha pedi bure.

Tatu, pedi zilizoingia mafuta zimeitwa “pedi zilizoambukizwa”, kana kwamba zinaugua. Nne, kazi ya kuzianzisha pedi mpya imefasiriwa “kulaza pedi kitandani”. Maana yake ni kupunguza mwendo mara nyingi mfululizo, bila kulifunga gurudumu, ili utando wa pedi ushike sawasawa juu ya diski. Utando ukishika mahali na kuacha mahali, mtikisiko huanza hata kama vifaa vyote ni vipya.

Kwa hiyo twapendekeza:

(i) Mvumo: sauti ya mota inapofanya kazi.

(ii) Mlio: sauti kali ya pedi juu ya diski.

(iii) Mtikisiko: mshtuko wa kurudiarudia breki inapokamatwa. Ukirudi mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, diski ishukiwe kupinda au kulika bila ulinganifu.

(iv) Ulegevu: nafasi isiyotakiwa baina ya vifaa viwili, kama vile katika beringi, au katika bolti za kalipa na za diski.

(v) Kuzoesha pedi: kazi tuliyoieleza hapo juu.

Pengine atatokea wa kusema kwamba fundi mzuri atafahamu tu. Hatukubaliani naye. Fundi mzuri hahitaji kijitabu. Kijitabu huandikwa kwa ajili ya yule ambaye bado hajajua. Tarakimu za kijitabu hiki hazina kosa: chasema diski mpya ina unene wa milimita 1.8, na itolewe ifikapo milimita 1.5. Mfasiri aliyeichunga sehemu ya kumi ya milimita hakuwa na udhuru wa kutoyachunga maneno. Twawasihi wafasiri, kabla ya kupeleka kazi chapani, waipeleke kwanza karakana, wamsomee fundi kwa sauti, kisha watazame mikono yake inakwenda wapi.