Banika Kwanza, Choma Mwisho: Jioni ya Siku ya Kazi Mjini Same

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Alhamisi ya mwezi wa kwanza, dada yangu aliingia uani akiwa na nyama mkononi: kilo moja na nusu ya mbuzi, kilo ya paja na nusu ya mbavu. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi. Saa kumi na mbili na dakika kumi watoto wake wanne, shemeji, yeye na mimi tulikuwa tumekaa mkekani tunakula mbuzi wa kuchoma, ndizi na kachumbari. Nyama ilikuwa laini kiasi kwamba mtoto wa mwisho, mwenye pengo la meno mawili ya mbele, alimaliza fungu lake bila kusaidiwa.

Nilikuwa nimeangalia saa. Ilikuwa saa moja na robo tangu avue viatu, na katika muda huo mikono yake ilishughulika na chakula dakika zisizozidi thelathini.

Nyumba nyingi zimeiweka nyama choma kando kuwa chakula cha Jumapili, cha baa, cha sikukuu, cha mtu mwenye mchana mzima wa kugeuza geuza mbele ya moto. Siku ya kazi familia hurudi kwenye wali na maharage, au makande yaliyochemshwa jana, na hakuna ubaya. Lakini kiangazi cha Same ni kikali. Milima ya Upare inakinga mvua upande wa pili, nasi huku chini tunabaki na joto linalopita nyuzi 30 kila mchana. Jikoni ndani kunakuwa tanuri. Kupika uani, kwenye upepo wa jioni, ni nafuu kwa mpishi mwenyewe. Ndiyo maana nataka kueleza jinsi kazi ile ilivyofanyika, maana ndani yake kuna maarifa yanayofaa kila nyumba yenye haraka.

Tuanze na nyama. Mbuzi wetu anatoka tambarare, kwa wafugaji wa Kipare na wa Kimaasai. Anachinjwa alfajiri na kuuzwa siku hiyohiyo. Watu husifu nyama kwa kuwa mbichi kabisa, na kwa afya wana haki. Kwa meno ni habari nyingine. Mnyama akishachinjwa, misuli huishiwa nguvu inayoiwezesha kulegea, na nyuzi zake hushikamana. Kukakamaa huko huanza saa chache baada ya kuchinja, kisha huachia taratibu iwapo nyama itatunzwa kwenye baridi siku moja au mbili. Bucha ya mtaani haina nafasi hiyo. Basi mama anayetoka kazini jioni hununua nyama ikiwa katika saa zake ngumu, anaitupa juu ya moto mkali, halafu mchomaji analaumiwa.

Dada alianza na kisu. Aliliweka paja kwenye ubao, akauvuta utando mweupe wa juu na kuutoa, kisha akaligeuza mpaka akaona mistari ya nyama inaelekea wapi. Ukitazama kwa karibu utaona nyuzi hizo zimelala pamoja kama katani iliyochanwa. Mtu akikata kwa kufuata urefu wake, kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu ambazo jino linapaswa kuzikata. Dada alikata kwa kukatiza, vipande vya upana wa vidole viwili hivi, kwa hiyo nyuzi zikabaki fupi na kisu kikawa kimekwisha kufanya kazi ya meno. Hatua hii haidai fedha wala dakika ya ziada, na kwa maoni yangu ni nusu ya mafanikio ya jioni ile.

Chumvi ilifuata mara moja, vijiko viwili vya chai kwa kilo. Hapa pana jambo la kuangalia. Chumvi ikigusa nyama, kwanza huvuta maji nje, na uso wa nyama huonekana unatoa jasho. Mtu akiichoma wakati huo, maji hayo huishia kwenye makaa. Akisubiri kama dakika arobaini, maji yenye chumvi huanza kurudi ndani, na nyama iliyokolea hushika maji yake vizuri zaidi motoni. Mwenye friji anaweza kuitia chumvi asubuhi kabla ya kwenda kazini, na atapata matokeo bora kuliko yetu. Asiye na friji asijaribu. Kwenye joto letu nyama haifai kukaa nje zaidi ya saa moja kabla ya kufika motoni.

Sasa tangawizi, na hapa wilaya yetu ina bahati. Tangawizi inalimwa juu milimani, hasa Mamba Miamba, ambako pia kuna kiwanda cha kuisindika, na mbichi yake inashuka mpaka sokoni mjini ikiwa bado na udongo. Wengi wetu tunaitia kwenye nyama kwa ajili ya harufu na ule ukali wake. Lakini tangawizi mbichi ina kimeng'enya, zingibaini, kinachokata protini. Watafiti wa Marekani waliieleza tangawizi mwaka 1973 kama chanzo kipya cha kimeng'enya kinachokata protini. Kinachonigusa zaidi ni tabia yake: kinafanya kazi kwa nguvu zaidi kwenye joto la karibu nyuzi 60. Wakati nyama inakaa bakulini kinafanya kazi kidogo. Kazi kubwa huja nyama inapopata moto polepole, na ikipita sana kiwango hicho, kimeng'enya hufa.

Maana yake ni kwamba mtu anayepaka tangawizi kisha akaweka nyama juu ya ndimi za moto anaipoteza. Joto linapita nyuzi 60 upesi mno, na anabaki na harufu tu. Tangawizi ya unga, iliyokaushwa, nayo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo, japo kwa chai ni nzuri sana. Dada alitwanga kipande kibichi cha urefu wa kidole gumba pamoja na punje nne za kitunguu saumu, akavisugua kwenye nyama na kuiacha hadi zamu yake ya kwenda motoni. Limau hakutia. Alilikamua mwishoni, nyama ikiwa imeiva, kwa sababu ukali wa limau ukikaa muda mrefu hukaza uso wa nyama na kuukausha. Papai bichi linalainisha kwa nguvu zaidi kuliko tangawizi, lakini ukilisahau kidogo nyama inakuwa uji kwa nje. Kwa nyumba yenye watoto wanaoita mama kila dakika, tangawizi inasamehe zaidi.

Nikaja kwenye moto, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Kuchoma ni kukipeleka kitu kwenye ukali wa moto. Kubanika ni kukiweka kwenye mbano au juu ya wavu, mbali kidogo na ukali huo, kiive taratibu kwa joto na moshi. Wavuvi hubanika samaki, na wachungaji hubanika mbavu kwa kuzichomeka kwenye mti ulioinamia moto. Lugha ilitenga kazi hizi mbili kwa sababu waliokuwa wakipika walijua hazifanani. Sisi tumebaki na neno "choma" peke yake, na tumebaki pia na moto wa namna moja.

Jiko la dada lilikuwa na moto wa namna mbili. Kijana wake wa miaka 13 aliwasha mkaa ndani ya kopo kuukuu la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini kwa msumari, karatasi ikiwa chini na mkaa juu. Hewa huingia kwa chini na kupanda, na katika dakika kumi na tano mkaa wote ulikuwa umeshika na kufunikwa na jivu jeupe, bila kupuliza na bila mafuta ya taa. Kisha alimimina makaa yote upande mmoja wa jiko, upande wa pili ukabaki mtupu, na wavu ukawekwa juu ya vyote viwili.

"Mama mdogo, ukiweka mkono huku unahesabu mpaka tatu tu," aliniambia akionyesha upande wa makaa, "na huku unafika mpaka nane." Nilijaribu, na alikuwa sahihi.

Mbavu zilitangulia, saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, upande mtupu, mfupa ukiwa chini, zikafunikwa kwa sufuria iliyopinduliwa. Mbavu zina tishu ngumu nyingi ambazo haziyeyuki mpaka zipate joto la nyuzi 70 na zaidi kwa muda, kwa hiyo zilihitaji dakika arobaini, na dakika hizo hazikumhitaji mtu. Dada alikwenda kuoga. Ndizi mzuzu tatu ziliwekwa na maganda yake pembeni ya wavu, zikawa nyeusi nje na tamu ndani. Binti wa pili alikata nyanya, vitunguu na pilipili mbuzi.

Mishikaki ya paja iliingia saa kumi na moja na dakika hamsini, nayo ikaanzia upande mtupu. Wapishi wengi watanibishia hapa, maana tumefundishwa kuanza na moto mkali ili "kufunga maji ndani". Moto haufungi maji. Nyama iliyoungua juu hutoa maji kama nyingine yoyote. Sikiliza jinsi inavyoendelea kuchirizika kwenye wavu. Kilicho kweli ni kwamba rangi ya kahawia na ile harufu inayowaita majirani hutokea uso wa nyama unapofika nyuzi 140 hivi, na uso uliolowa hauwezi kufika huko mpaka maji yakauke. Nyama iliyobanikwa kwanza imekwisha kukauka juu. Ikisogezwa kwenye makaa inapata rangi kwa dakika tatu tu, kabla ndani hakujaharibika. Ndivyo ilivyokuwa: dakika kumi na mbili za kubanika, tangawizi ikipata muda wake wa kufanya kazi, kisha dakika tatu za kuchoma, huku dada akigeuza. Mafuta yakadondoka kidogo mno, ndimi hazikupanda, na nyama haikupata masizi meusi yenye kemikali zisizofaa mwilini.

Neno moja kuhusu vijiti. Spoku za baiskeli zinatumika kila mahali kwa mishikaki, na mimi nimezikulia. Nyingi zimepakwa zinki, na zinki huliwa na ndimu na chumvi ikaingia kwenye nyama. Vijiti vya mti vilivyolowekwa nusu saa vinatosha.

Utaratibu huu unahamia kwa kuku kwa mabadiliko machache. Kuku wa kisasa apasuliwe mgongoni na kutandazwa, abanikwe upande mtupu akiwa amefunikwa, kisha achomwe upande wa ngozi. Huyu lazima aive mpaka kwenye maungio ya paja, nyuzi 74, na majimaji yatoke meupe, kwa kuwa kuku mbichi ana hatari ambayo kipande kizima cha mbuzi hakina. Kuku wa kienyeji mzee achemshwe kwanza. Kubanika hakutamlainisha kwa muda ambao familia yenye haraka inao.

Mwenye jiko la gesi naye hajaachwa. Kaango zito la chuma lipashwe, mishikaki ianze kwa moto mdogo chini ya kifuniko, kifuniko kiondolewe na moto upandishwe mwishoni. Harufu ya moshi itakosekana, ulaini utakuwepo. Nalitaja hili kwa kuwa mkaa wetu unatoka kwenye miti ya nchi kame inayokua polepole. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka hapo nyumba nyingi bado zitawasha mkaa, na kiasi kinachowashwa kina uzito. Kopo moja la makaa upande mmoja wa jiko lilipika chakula cha watu saba. Jirani yetu, kwa nyama isiyozidi ile, hujaza jiko zima.

Kama utajaribu wiki hii, usianze na viungo vipya. Anza kwa kusogeza makaa upande mmoja, na nyama yako ileile uliyoizoea. Uone kwanza tofauti ya moto, kisha ongeza tangawizi mara ya pili.

Tulipomaliza kula, kijana aliyarudisha makaa kwenye kopo jingine lisilo na matundu na kulifunika kwa kifuniko chake yazimike. Asubuhi ya Ijumaa mkaa huo uliowahi kuwaka ulishika moto kwa kiberiti kimoja, na chai ikawa tayari kabla dada hajamaliza kuvaa.