Tajiri Yupi Atakayeokoka?

Habari ya yule mwenye mali aliyepiga magoti mbele ya Bwana Yesu, iliyomo katika Marko 10, sote twaijua. Aliambiwa auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Naye akaenda zake kwa huzuni. Kila isomwapo kanisani, wenye ng'ombe wengi hutazama chini, na wasio na kitu huwatazama wao. Juu ya habari hiyo Klementi, mwalimu wa Wakristo wa Iskanderia katika nchi ya Misri, aliandika kitabu kidogo kwa Kiyunani karibu na mwaka 200, akiuliza ni tajiri yupi atakayeokoka. Nataka kukipima kitabu hicho, maana mafundisho yake yangali yakitumiwa na watu wasiopata hata kulisikia jina lake.

Klementi asema kwamba Bwana hakumwamuru yule mtu atupe mali yake, bali aiondoe moyoni tamaa ya mali, pamoja na hofu na masumbuko yake. Mali kwake ni chombo tu. Wema na ubaya ni wa yule akitumiaye. Tena auliza, kama watu wote wangekuwa hawana kitu, nani angewalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi, kama Bwana huyo huyo alivyoagiza? Hoja hii ina nguvu, wala sijaona aliyeijibu vema. Hata maskini hamwachi: mtu aweza kuwa hana kuku mmoja (kuku nimemwongeza mimi), na moyo wake umejaa mashamba ya jirani.

Lakini hapa ndipo nisipokubaliana naye. Kama agizo lilikuwa la moyoni tu, mbona yule mtu alihuzunika? Angaliambiwa aache tamaa, angaliitikia upesi, akarudi kwake kwa furaha, na maghala yake yakabaki vile vile. Huzuni yake yaonyesha kwamba aliyaelewa maneno kama yalivyosemwa. Klementi alisema na matajiri wa mji mkubwa wa biashara, waliokuwa karibu kukata tamaa ya wokovu. Aliwahurumia, nami naona huruma hiyo ilimfanya alegeze kamba kupita kiasi.

Katika nchi iyo hiyo, miaka kama 70 baadaye, kijana mkulima jina lake Antonio aliisikia habari hiyo, kama ilivyo katika Mathayo, ikisomwa kanisani. Athanasio, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba wazazi wake walikuwa wamekufa karibuni, wakamwachia shamba zuri la aroura 300, kwa kipimo cha Kimisri, yaani kadiri ya eka 200. Antonio hakutafuta maana iliyofichika. Alitoka, akawapa watu wa kijiji ardhi yake, akauza vitu vilivyosalia, akawagawia maskini fedha, akabakiza kidogo kwa ajili ya dada yake mdogo. Kisha akasikia lile neno la kutoisumbukia kesho, akatoa na kile kidogo, na dada akamweka kwa wanawali Wakristo. Athanasio hakutuandikia jina la dada huyo, wala hatuambii kama aliulizwa shauri. Hapo Klementi angekuwa na neno la kumwuliza Antonio, nami ningesimama upande wake.

Tena kitabu cha Klementi kina sehemu ambayo wenye kujifariji kwa mafundisho yake hawaifikii. Amwambia tajiri ajikusanyie jeshi lisilo na silaha, wazee wenye kumcha Mungu, yatima na wajane, wamwombee. Na karibu na mwisho amwagiza ajiwekee mtu wa Mungu wa kumwongoza, kama nahodha aongozavyo chombo, naye awe mtu wa kumwambia kweli bila kuogopa uso wake. Huku kwetu mara nyingi tajiri ndiye apewaye kiti cha mbele katika baraza la kanisa, na mwalimu hungoja kwake mabati ya kuezekea shule. Basi huyo nahodha atoke wapi?